Pungufu ya Tende

Daktari alisema asifunge.
Mama akageukia ukuta:
sijaila siku hii tangu nivunje ungo,
hata mwaka ule wa njaa,
tulipokuwa hatuna cha kujinyima.

Jana, kabla jua halijatua, rabi akapiga simu:
Rejina, kesho kula kwako ndiko ibada yako.
Kwa kijiko. Kila tonge lipungue tende moja,
na baina ya tonge na tonge, dakika tisa.

Basi mimi, Vintura,
nisiyeamini kitu ila mizani ya duka langu la dawa,
nimeketi kitandani pake na saa ya jikoni.
Uji wa mchele na maziwa.
Gauni lake jeupe.
Chini ya blanketi, raba za turubai,
maana ngozi haivaliwi leo.
Nani atakuona miguu, mama?
Aonaye.

Dakika tisa. Kijiko.

Dirisha li wazi. Ng'ambo ya barabara
wazee wa Ruse waliosalia wanasoma,
sauti zinakwenda, zinarudi,
kama mtu aliyepoteza funguo ndani ya nyumba yake.
Mama anajipiga kifua pamoja nao:
tumekosa, tumedanganya, tumekuwa na shingo ngumu.
Kwa nini wingi, mama?
Peke yangu nisingethubutu.

Kijiko.

Alasiri, upepo wa Danubi ukicheza na pazia,
akanishika mkono uliobeba bakuli.
La kwake Yeye nimelimaliza, akasema. Limebaki lako.
Barua za Albert.
Hazikupotea posta. Nilizichoma mimi.

Nilijua.
Miaka thelathini na moja nimejua:
majivu ya karatasi hayafanani na ya kuni,
na jiko lile nilikuwa nikilizoa mimi.

Saa ikalia.
Fungua kinywa, mama, nikasema,
na mkono wangu,
unaopima sumu kwa miligramu bila kutikisika,
ukamwaga uji kidevuni.

Kisha baragumu la pembe, refu, likakwama mahali,
likaendelea.
Nyota ya kwanza ilikuwa juu ya kiwanda cha mafuta.
Mama amelala na raba zake.
Nikasimama, kichwa chepesi, kuta zikazunguka kidogo,
ndipo nikakumbuka: tangu jana jioni,
hata maji.

Uji wa chini ulikuwa umeganda.
Nikaula wote, wa baridi, kwa kijiko kile kile,
bila kuhesabu.
Saa ikalia tena. Sikuizima.