Kupunguza Miche

Mbegu ya rutabaga ni ndogo kuliko nukta
niliyokuwa nikiiweka mbele ya jina la mtoto aliyehudhuria.
Nyeusi, mviringo, huteleza kwenye mikunjo ya kiganja
kana kwamba inajua mkono huu ni wa chaki.

Mwisho wa Mei, kisiwani kwetu huku Orkney,
usiku ni kope tu: unafumba, unafumbua.
Saa tano usiku nilisoma pakiti bila taa,
nikavuta uzi, nikachora kifereji nyuma ya ukuta wa mawe
ambapo upepo hupita juu kwa hasira, haushuki.
Nikamwaga chokaa, maana Osla Rendall, jirani, alinionya:
udongo mchachu huvimbisha mizizi,
utavuna vidole vya mgonjwa wa baridi yabisi.

Siku ya sita ikachomoza.
Wadudu weusi warukao kama viroboto
wakatoboa majani; nikanyunyiza majivu.
Iliyosalia bado ilikuwa mingi, imebanana, inasukumana mabega
kama darasa la mwaka nilipokabidhiwa ufunguo wa shule:
watoto ishirini na mmoja, madawati kumi na manane.

"Punguza," alisema Osla, ameegemea lango.
"Shibiri kati ya mche na mche. Mingine ng'oa."
Nikasema kesho.
Kesho nikasema mvua.
Mvua ilipokatika, nikasema mgongo.

Sikumwambia kuwa nimepunguza miaka thelathini,
kwa kalamu nyekundu, kwenye daftari la mahudhurio.
Wanne wa Drever, wamehamia Aberdeen: mstari.
Mapacha wa Isbister, New Zealand: mstari.
Kumi na mmoja. Saba.
Mwaka wa mwisho walikuwa watatu, mmoja ana tetekuwanga,
nikafundisha kugawanya kwa mbili.
Kisha halmashauri ikaleta kufuli jipya.
Nafasi tulikuwa nayo tele,
na sikuona aliyebaki akinenepa.

Osla hakungoja. Jumamosi aliruka ukuta,
miaka sabini na minne, sketi imenasa kwenye jiwe, anatukana,
akashika mstari na jembe lake jembamba:
sukuma, vuta,
sukuma, vuta.
Miche ikalala kando, mizizi yake nyuzi nyeupe.
Mmoja hapa. Shibiri. Mmoja hapa.
"Hii si shule, Mwalimu," alisema bila kugeuka.

Kumbe alijua.

Agosti mabega ya zambarau yakajitokeza juu ya udongo.
Sakitu mwaka huo iliwahi. Osla akasema iache iipige,
baridi ndiyo inayoita sukari ndani.
Niling'oa ya kwanza kwa mikono miwili, nikaanguka nayo.
Nikaichemsha, nikaiponda na viazi, siagi, pilipili manga;
nilikula nimesimama, kwenye sufuria,
utamu wenye kichungu kidogo nyuma yake.

Ya pili aliichagua Runa, mtoto pekee kisiwani,
kwa ajili ya usiku wa mizimu.
Aliikwangua hadi kijiko kikapinda,
akaitia macho, meno matatu, mshumaa.
Akaja gizani na uso ule unaonuka kabichi iliyoungua,
akabisha, nikashtuka kama inavyopasa, nikampa karanga.

Nyumba zetu ni tano.
Aliponimaliza akaenda kwa wengine, na haikupita nusu saa
akabisha tena kwangu.

Nikafungua.
Nikashtuka upya, kama sijawahi kumwona.