Alama za Nyamizi

Fomu yauliza: paa?
Bati, naandika. Alama tano.
Bati la mkopo wa tumbaku, asema Nyamizi,
chama kinakata mpaka mwakani.
Fomu haina kisanduku cha deni.

Baiskeli? Ipo. Nne.
Haina cheni tangu masika.
Ipo.

Redio, tatu. Jumla kumi na mbili.
Ukizidi kumi, hupewi.
Mimba ya miezi minane
haina alama.

Jirani yake Kalunde, wa paa la nyasi, alipita.
Siku ya malipo alijitanda kanga hadi machoni,
maana foleni ile hapa Ussoke
wanaiita foleni ya mafukara.

Fungu ni dogo, walituambia kule Urambo,
tukimgawia kila mwenye tumbo halitamfaa yeyote.
Labda. Hesabu kubwa siziwezi.
Mimi ni Mgalula: nilitanguliza miguu,
na mama alibebwa kwa machela usiku kucha
kutoka nyumba yenye bati.

Nyamizi anauliza aniletee maji ya kunywa.
Naitazama baiskeli ukutani.
Naikata ile nne.

Wino haufutiki vizuri;
mtu akiinua karatasi juani
ataiona.