Ghorofa ya Tisa

Miaka minne nilisimama bustani ya Jeevanjee
saa saba mchana, watu wakila mahindi na karanga,
nami juu ya kreti tupu la soda,
kipaza sauti kikikoroma kama mtu mwenye mafua.
Nilijua kuipandisha sauti, nilijua kuishusha,
nilijua mahali pa kunyamaza
ili neno "umilele" litue.
Kanjo walinizoea. Njiwa pia.

Alhamisi moja ya Julai, baridi ikiuma masikio,
betri ilikufa katikati ya aya.
Nikabaki na koo langu, nalo limekauka,
nikasoma Luka kama mtu anayesoma bili ya maji.
Hapo ndipo alipokuja,
mwenye tai, kadi ya kazi ikining'inia kifuani,
akaketi ukingoni mwa njia akalia
bila kuuficha uso.
"Sijui nimefuata nini," alisema.
"Nilikuwa naenda kununua chai."
Sitienei, mhasibu,
ghorofa ya tisa, jengo la vioo, Barabara ya Loita.

Jumapili nikaandika kwenye ripoti: Mmoja.
Nikatia sahihi, mkia wake mrefu.

Wiki tatu baadaye alinialika ofisini
tuzungumze habari za ubatizo. Tukachelewa.
Saa mbili usiku taa zikazimwa nusu,
akaingia mama na ndoo na dasta,
asituone nyuma ya kabati la mafaili.
Alipiga deki akinong'ona, Kikamba kidogo, Kiswahili kidogo,
na kila meza aliyofika
alisoma kibao, akainama akamwaga kapu la taka,
akalitaja lile jina
kama mtu anayeita watoto waje kula.

"Bwana, huyu Njagi wa manunuzi. Chupa tena. Mbili.
Anyango wa mishahara: leo tishu tupu, kapu zima.
Gichuru simwelewi, Bwana, hatupi kitu.
Na Sitienei, asante.
Kapu lake halina tena pakiti za vidonge."

Sitienei alijiziba mdomo kwa mkono.
Kiti chake kikalia.

"Yesu wangu! Nilidhani mmeenda nyumbani."
Jina lake Kalekye. Aliona haya, akakamua dasta iliyokwisha kukamuliwa.
Nikamuuliza, tangu lini?
"Tangu nipewe ghorofa hii. Mwaka wa sita."

Sita. Nikapiga hesabu palepale:
alianza kumwombea
nikiwa bado sijapata hata kreti.

Nikamwomba anifundishe.
"Kuna nini cha kufundisha? Shika kitambaa."
Nikafuta meza ya Njagi, nikaanza:
Ee Mungu Mwenyezi, uketiye juu ya makerubi, wewe ambaye tangu kale...
"Mchungaji," alinikata,
"punguza. Hayuko mbali, na meza ni nyingi."

Tulipomaliza nikamuuliza kama ana watoto.
Mmoja, Musembi. Yuko Kariobangi, hapokei simu zake,
mwaka wa kumi na moja sasa.
"Huyo namtaja kwenye lifti, nikishuka.
Kapu lake silioni.
Sijui niombe nini, basi nasema jina
mpaka mlango ufunguke."

Bado nahubiri. Betri nilinunua mpya.
Lakini siku hizi nafika alfajiri, bustani ikiwa na umande,
nafuta mabenchi kwa mkono wa koti
na kuuliza majina, kwa kuwa mabenchi hayana vibao:
Wabuko wa viatu, Sarange wa mayai,
kijana mmoja anayelala karibu na lango
aliyesema niondoke,
naye namwombea hivyohivyo, Kijana-wa-Ondoka.

Mwisho wa mwezi ripoti iliuliza: wangapi?
Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu.
Nikaandika majina, si hesabu,
mengi yao ya watu ambao hawajasimama hata siku moja kunisikiliza,
na la Musembi,
ambaye jana usiku pia
hakupokea simu.