Koma

Tuko watano, na birika moja la umeme
linalochemka likipenda.
Idara ya Kiingereza, ghorofa ya tatu, Houlton, Maine,
juu ya maabara ya magonjwa ya viazi:
tangu Septemba ngazi zote zanuka udongo mbichi.

Haskell hufundisha mashairi ya waliokufa vijana.
Yeye ana sabini na moja;
magoti yake hubisha hodi kabla yake.
Winifred Pelkey ana riwaya, paka wawili, na kikohozi
ambacho kila mwaka husema ni cha mwaka jana.
Crouse hatusemeshi
tangu Ouellette apewe ofisi yenye dirisha.
Ouellette dirisha kaliziba kwa makasha.
Na mimi, mtoto wa Muheza,
niliyechapwa darasa la tano kwa kusahau herufi moja ya wingi,
nawafundisha wajukuu wa wakulima hawa
sarufi ya lugha ya mama zao.
Wananiita Profesa. Hakuna anayecheka.
Hucheka mimi, mlango nikishaufunga.

Jumanne ikaja barua ya mkuu wa kitivo:
bajeti imekonda, watano wawe wanne,
jibuni Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri.

Ijumaa asubuhi tukakaa. Aya moja, mistari sita.
Haskell akaanza: Kwa heshima kubwa.
Pelkey akataka ukubwa upunguzwe.
Kisha, mstari wa tatu, koma.
Iwepo? Isiwepo?
Crouse, miaka miwili bubu, akafumbua kinywa:
Iwepo.
Ouellette akasema bila koma sentensi inapumua.
Nani kakwambia sentensi ina mapafu?
Vikaletwa vitabu, vikafunuliwa, vikapingana.
Theluji ya kwanza ikaanguka, hakuna aliyeitazama.
Nilitaka kusema, jamani, nyumba inaungua
nasi twagombea rangi ya mlango,
lakini nami nilikuwa na langu juu ya ile koma,
nikalitoa, dakika kumi na mbili.

Hakuna aliyeuliza wa kutoka ni nani.
Kila mtu alihesabu moyoni,
akaanzia kwa jirani.

Saa tisa na robo tukashtuka.
Doreen, katibu wetu, alikuwa akivaa koti.
"Nimeshaituma tangu saa sita," akasema,
"ile ya mwanzo, yenye kosa la tahajia."
Kosa lipi? tukauliza,
wote watano kwa pamoja,
mara ya kwanza tangu nifike hapa.

Jibu likaja Jumatatu, neno moja: Nimepokea
bila nukta mwishoni.
Wiki ya pili sasa twalifasiri.
Haskell anaona huruma pale nukta ilipokosekana,
Pelkey anaona mtu mwenye haraka.
Birika limekubali leo.
Crouse anamimina, anahesabu vikombe kwa kidole,
anahesabu tena,
kisha ananisogezea sukari
bila kunitazama.