Zamu ya Maji

Katekista Wilbrodi alituuliza, mwaka wa komunyo ya kwanza,
mtakatifu ni nani.
Tukanyooshea vidole kioo cha dirisha:
yule pale, mwalimu, mwenye duara la mwanga kichwani,
asiye na matope miguuni.
Akatugawia peremende.
Peremende ikayeyuka, jibu likabaki.

Anansia alikuwa na matope mpaka magotini.
Alinusa ugoro kanisani, benchi la nyuma,
akamwita mwanangu mwizi kwa ajili ya kuku
aliyekuwa ameatamia mgombani kwake mwenyewe.
Na mpaka wetu, ile safu ya masale,
tuliugombea miaka kumi na moja, hadi baraza la kata.
Padre aliposema tutakiane amani
kila mmoja aligeukia upande wake.

Kisha nikavunjika mguu, nikalazwa KCMC wiki saba,
kiangazi cha Januari, mfongo umekonda hadi kokoto zinahesabika,
na zamu yangu ya maji ni saa nane usiku.
Kitandani niliizika migomba yangu, mmoja mmoja.

Nikarudi kwa magongo. Migomba imesimama.
Udongo mweusi, umelowa.
Nikauliza; watu wazima wakatazama chini.
Mtoto wa Mallya ndiye aliyesema:
ni bibi wa ng'ambo ya masale, ana jembe, kurunzi kaibana kwa meno,
anakufungulia maji,
akiitoa tu mdomoni, anakutukana.

Sikwenda kumshukuru. Niliseme hili wazi.
Nilikata jani la sale, la kuombea msamaha,
likanyaukia dirishani.
Nilisema kesho. Nikasema Kwaresima. Nikasema Pasaka.
Akafa Mei, masika yamejaa,
wakati ambao hakuna anayehitaji zamu ya mtu.

Leo ni Watakatifu Wote. Kibosho yote ukungu,
mlima haujatoa hata sikio.
Litania inapanda: Mtakatifu Lusia, utuombee,
Mtakatifu Laurenti, utuombee,
waliochomwa, waliotobolewa macho, na ninawasadiki wote,
ila mdomo wangu unatangulia,
Anansia Ndekirwa, utuombee,
na mke wangu ananigonga kiwiko.

Sisemi Roma itamjua.
Duara la mwanga sijui linapimwa kwa kipimo gani.
Najua saa nane usiku, baridi ile ishukayo na maji,
kurunzi katika meno ya mwanamke wa miaka sabini,
na maji yakiingia shambani kwa adui yake
yakiwa bado na hasira,
yakinywesha.