Hatua Tano Kila Usiku

Agizo lilikuja na muhuri: bakuli zote za paka zitupwe.
Mimi mlinzi wa Jengo la Saba, natii karatasi.
Nikazitupa. Asubuhi zimerudi,
zimeoshwa, zimeezekwa kigae zisinyeshewe.
Nikazitupa tena. Zikarudi.
Mara ya nne nikavizia. Saa tisa usiku,
baridi ya Seoul ikinitafuna vidole ndani ya glavu,
akaja Bi Maeng Sun-im na kigari chake cha sokoni,
gurudumu moja likilia kama kinda la paka.
"Kula kwanza," akasema,
akanitia mkononi kiazi kitamu cha kuchoma.
"Ukishiba, nikemee."

Hakuwapa majina. Jina, alisema, huuma likibaki bila mwenyewe.
Aliwaita kwa nambari za milango:
aliyetupiwa mfupa na nyumba fulani, akawa nyumba hiyo.
Mia Moja na Tatu, wa kijivu, chongo.
Mia Tano na Mbili, mwenye bomba la mvuke,
aliyezaa mara nne katika miaka miwili
na kuzika wengi kuliko aliowalea.
"Bakuli ni nusu ya huruma," alisema.
"Ukiishia hapo, mwaka huu walisha mmoja,
mwakani wahesabu tisa,
na jirani anahesabu vidonge vya sumu."

Basi mimi niliyeajiriwa kufukuza nikajifunza kutega.
Gazeti chini. Samaki wa kopo nyuma kabisa ya kibati.
Shuka begani, maana giza humtuliza paka
kuliko neno lolote tamu.
Mlango ulipoanguka, kacha!
nilishtuka kama niliyenaswa mimi.

Daktari Do alipasua kila Jumanne.
Alifunga vizazi, akawadunga chanjo,
akapunguza ncha ya sikio la kushoto, kiasi cha punje ya mahindi,
asije mtu akamlaza tena mezani bure.
Kisha tunawarudisha, kila mmoja pale pale alipotolewa.
Masika yale hakuna kinda lililolia chini ya ngazi.
Bwana Pyo wa ghorofa ya tatu,
aliyezoea kumwaga ndoo dirishani kila wakigombana,
akaniuliza, hivi paka wamehama?
Mia Moja na Tatu alikuwa amelala juu ya pikipiki yake.

Waliohama ni watu.
Jengo liliuzwa libomolewe, ujengwe mnara.
Milango ikapakwa rangi nyekundu, mmoja baada ya mwingine: TUPU.
Paka wa nyumba haingwa, husemwa.
Nyumba ikiingwa, je?

"Ukiwabeba kwa gari watarudi," alisema Bi Maeng,
"watarudi chini ya tingatinga. Bakuli ndizo zihame."
Hatua tano kila usiku.
Kupita mapipa. Kupita kibanda changu.
Siku sita tulikwama kwenye mfereji,
wao ng'ambo hii, chakula ng'ambo ile,
hadi Mia Moja na Tatu, kwa jicho lake moja,
akaruka.
Wakamfuata kwa foleni, kama wapangaji wanaodai amana.
Mwezi wa pili tukafika kilimani, kwenye misonobari
nyuma ya matangi ya maji.
Thelathini na mmoja tuliwaanza.
Ishirini na sita nimewahesabu.

Mia Tano na Mbili hakutoka.
Siku ya mashine nililala kifudifudi mlangoni mwa tanuri,
namwita kwa nambari ya nyumba isiyo na dari.
Dereva, kijana tu, akazima injini.
Akawasha sigara, akaimaliza, akawasha nyingine,
wala hakuniuliza nafanya nini.

Alitoka mwenyewe, mweusi kwa masizi,
akanipita kama nisiyemhusu.

Bi Maeng sasa yuko Incheon kwa mwanawe, goti limekataa ngazi.
Hunipigia simu Jumapili. Hasalimii. Huuliza, "Wangapi?"
Kigari kaniachia mimi.
Mke wangu kila siku ananisihi nitie mafuta lile gurudumu,
linaamsha mtaa.
Sitii.
Wanalijua.