Ulisema Moja

Saa mbili usiku, Urambo. Mashine ya kupima damu
imelala chini ya kitenge; dawa yake iliisha
majani ya kwanza yalipoingia bani.
Nimebaki na hadubini, kioo chenye miraba,
na kihesabio cha kidole gumba: ka, ka, ka.

Wamemleta Shija, aliyefuata mapacha,
miaka minane, amejikunja upande wa kulia
kama jani la tumbaku lililosahauliwa motoni.
Nyamizi, mama yake, ananuka moshi hadi kwenye mtandio.
"Lilianzia kitovuni," anasema, "kisha likahama."
Bibi kasema chango. Duka la dawa likasema minyoo.
Malaria hakuna. Mkojo safi.
Shija mwenyewe ana swali moja tu:
sindano ni ngapi?

Moja, nikasema.

Chembe nyeupe hazina weupe wowote.
Ni vivuli vya mviringo, vimetulia kwenye maji ya dawa,
nami napita pembe nne za kioo
kama mtu ahesabuye mbuzi zizini jioni,
asimrudie aliyekwisha kuingia.
Mia moja themanini na mbili.
Zidisha kwa hamsini: elfu tisa na mia moja.
Kawaida.

Neno hilo nalijua.
Niliwahi kuliandika kwa mkono huu huu
kwenye cheti cha Mbula, mtoto wa njia ya Kaliua.
Akarudishwa kwao, cheti changu mfukoni mwa baba yake.
Siku ya tatu wakamleta tena, tumbo gumu kama ubao.
Safari yake ya pili ya kurudi nyumbani
siiandiki hapa.

Basi chini ya "kawaida" nikaongeza
jambo ambalo si kazi yangu kuliongeza:
*Bado mapema. Turudie.*

Daktari Ntakije, mtu wa Kasulu, alisoma, hakukasirika.
Akaweka kiganja tumboni, akabonyeza polepole,
akaachia ghafla.
Shija akaguna. Au ni uchungu, au ni woga;
mtoto akiguna, vyote viwili vina sauti moja.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," daktari akasema,
"hata ugomvi ukiwa wa kidole tumbo.
Asile kitu. Saa nane nipe namba nyingine."

Saa nane. Taa ya jenereta inapepesa.
Nimeshika mkono mdogo, natafuta mshipa.
"Ulisema moja."
Ndiyo. Nilisema.

Safari hii mbuzi wamejaa zizi.
Wengi ni wale wenye kiini kilichokatika vipande,
wanaokimbilia vita kabla ya wenzao kuamka.
Mia tatu arobaini na sita.
Nikahesabu upya tangu mraba wa kwanza,
maana hofu huruka mistari, na furaha pia,
na sikujua niliyokuwa nayo ni ipi.
Mia tatu arobaini na sita.
Elfu kumi na saba na mia tatu.

Damu haikusema "kidole tumbo".
Damu haijui kutaja majina.
Ilisema kuna nyumba inaungua,
na mtaa ikauacha kwa mkono wa daktari,
uliorudi pale pale, kulia, chini,
akaachia,
na safari hii hakuna aliyeuliza kama ni woga.

Kulipopambazuka nikaonyeshwa kibakuli:
kitu chekundu, kimevimba, urefu wa kidole cha Shija,
bado kizima, hakijapasuka.
Nyamizi alikitazama kwa muda mrefu.
"Hiki tu?" akauliza. Kisha akaketi sakafuni.

Mimi nikaosha kioo changu, miraba yote mitupu,
nikapita wodini kabla ya kwenda kulala.
Shija alikuwa macho, midomo mikavu.
Hakunisalimu.
Aliinua mkono wenye pamba,
akanionyesha vidole viwili,
akavishikilia hapo hewani
mpaka nikakubali kwa kichwa.